Sentensi Niliyoiongeza

Skola mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana nimekuacha nyumbani saa tisa ukibishana na zipu ya begi, na sasa hivi utakuwa umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Mimi niko steshenari. Nimewaambia wateja nimefunga, mlango nimeurudisha nusu, na feni inazunguka kwa kujikongoja kama kawaida yake. Nakuandikia kwa Mweusi. Ndiyo, mashine ile ile kuukuu ambayo kila mwezi unaniambia niipeleke kwa wauza vyuma chakavu.

Sitakuandikia habari za kula na kuvaa wala watu wa kuogopa. Mchele nimeshaufunga. Sweta umeshaniambia mara tatu kwamba limepitwa na wakati, haya, baridi ya Mbeya itakusemesha yenyewe. Bibi yako atakuwa stesheni ya Mlimba na samaki wake wa kukaushwa, kitoga, umpe mkono dirishani hata kama umesinzia. Hayo yametosha. Nina jambo moja la kukueleza, nimelizunguka miaka tisa, na nitalizunguka kidogo tena hapa. Univumilie, maana linaanzia kwenye kibodi.

Baba yako alipoileta mashine hii ilikuwa imetupwa kule kazini kwake, kwenye ule mradi alikokuwa akiingiza takwimu. Haikuwa na kipanya, na tundu la kuchomekea kipanya lilikuwa limekufa. Nikamwambia, Deo, umeniletea jiko bila mafiga. Akacheka tu. Akaweka ndani yake programu ya kuandikia yenye kioo cheusi na maandishi meupe, ambayo kipanya haikihitaji kabisa, kila kitu ni vidole. Tukaiita Mweusi, na jina likahamia kwenye mashine nzima.

Mimi taipureta nilifundishwa na masista kule Mahenge, na nilikuwa na kiburi cha kasi, nakiri. Siku ya kwanza nikakaa kwa Mweusi nikaandika barua ya maombi ya kazi huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi ya mteja. Kuinua kichwa, mistari imerukaruka, nusu ya maneno hayapo, mengine yamejirudia. Nikapiga kelele kwamba mashine ina mashetani. Baba yako akavuta kigoda akaniambia kwamba Mweusi ana hali mbili. Kuna hali ya kuandika, ambako herufi ni herufi. Na kuna hali ya amri, ambako kila herufi ni kazi: moja inafuta, nyingine inakupeleka mwisho wa mstari, nyingine inarudisha ulichoharibu. Nikamuuliza sasa kwa nini watu wajitese hivyo. Akasema, "Blandina, sisi muda mwingi hatuandiki. Muda mwingi tunarekebisha."

Ndiyo maana nilikuwa nakupiga vidole kwa rula, we mtoto, na ukanuna. Andika sentensi yako, ikiisha bonyeza Esc, ndipo ujikune pua. Usiiache mashine kwenye hali ya kuandika ukaenda kufikiria mambo mengine. Najua siku hizi unanipita kasi na unanicheka, lakini msingi huo ulitoka kwa baba yako ukapitia kwangu. Vile vinundu viwili kwenye F na J, usiviangalie, viguse. Mwaka mzima wa kwanza mimi nilikuwa napeleka mkono kwenye vile vishale vya pembeni, herufi moja moja, mpaka bega likauma, na kumbe herufi w tu inakurusha neno zima. Nilikuwa nashuka kurasa nne kutafuta jina la mtu, kumbe ni kupiga mkwaju, kile kistari cha kuinama, kuandika jina, na Enter. Sikuuliza kwa sababu ya kiburi. Mtu akinifundisha jambo mara moja nilikuwa naona aibu kumuuliza mara ya pili.

Na ile nukta. Nukta niliipenda kuliko vyote. Unarekebisha kosa moja, halafu kila ukifika kwenye kosa jingine kama hilo unabonyeza nukta tu, linajirekebisha. Kulikuwa na orodha ndefu ya wakulima, kila jina limeandikwa Bw. na mwenyekiti anataka Ndg. Nikawa nabonyeza n ya kuruka kwenye Bw. inayofuata, nukta, n, nukta, mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kama nimenunua marimba. Lakini kubadilisha yote kwa mpigo mmoja bila kukagua, hapana. Unakumbuka nilivyombadilisha Juma kuwa Jumanne kwenye barua nzima, na mtendaji akasimama mbele za watu akasoma kwamba kikao kitakuwa siku ya Jumannetatu? Ulikuwa darasa la tano, ulicheka mpaka ukalala chini.

Naona najichelewesha. Jua limeshafika kwenye mlango wa fundi.

Baba yako alipoanza kuugua, asubuhi ndiyo alikuwa na nguvu. Namwekea mto mgongoni, anakaa kwa Mweusi, anaandika mistari mitatu, minne, anafunga. Sikumuuliza anaandika nini. Siku alipomaliza akaniita nikasoma nimesimama nyuma yake. Ilikuwa barua yako. Akaniambia nikupe ukipata Kipaimara kanisani, si kabla kwa sababu usingeelewa, na nisichelewe zaidi ya hapo kwa sababu ungekuwa umeshamtungia baba mwingine kichwani. Akafariki ukiwa na miaka mitano, hilo unalijua.

Barua ile ilikaa humu ndani miaka minane. Sikuiprinti. Nilikuwa nangoja karatasi nzuri, nilikuwa nangoja Kipaimara, na ukweli wenyewe ni kwamba humu ndani niliona bado ni yake, nikiitoa itakuwa kitu cha marehemu. Hata kwenye flashi sikuiweka. Mimi ninayewaprintia watu wa mji mzima barua zao, na kuwahimiza wabaki na nakala! Asubuhi nyingine kabla sijafungua mlango nilikuwa naifungua, nabonyeza g mara mbili kupanda juu kabisa, nasoma "Skola binti yangu", naifunga. Wakati mwingine nasoma yote. Nilikuwa namkumbuka hivyo.

Sasa sikiliza. Ulikuwa umebakiza miezi miwili kupata Kipaimara. Asubuhi hiyo nikawa nimeifungua, akaingia Mzee Masanja, yule mfugaji wa upande wa Malinyi, anataka kuandikiwa barua ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Badala ya kufungua faili jipya, nikashuka chini ya barua ya baba yako nikaandika ya Mzee Masanja hapo hapo. Uvivu, mwanangu, hauna jina jingine. Nikaprinti ukurasa wake, akachukua, akaondoka. Kilichobaki ni kufuta sehemu yake. Lakini kabla ya kufuta nikapanda juu kabisa, niuone ule mstari wa kwanza.

Mzee Masanja akarudi. Alikuwa amesahau fimbo. Unanijua, mzee akirudi namwamkia upya, na shikamoo siitoi nimekaa. Nikasimama, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mtoto anaendeleaje, mvua huko kwenu vipi, na yeye mzee wa watu hana haraka. Nikakaa akiwa bado anaongea. Mtu mzima akikuambia jambo huangalii kioo, unamwangalia yeye. Basi nikamwangalia, naitikia, na vidole vikaendelea na kazi yao: futa kuanzia hapa mpaka mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba "hapa" ilikuwa juu kabisa. Halafu bila kugeuza macho nikafanya ile tabia yangu ya kila siku, Z kubwa mara mbili, hifadhi na ufunge.

Nilipofungua tena hapakuwa na kitu. Hata neno moja.

Laiti ningegeuza macho kabla ya kufunga, ilikuwa herufi moja tu, u, na yote yangerudi. Mashine inakumbuka kila ulichofanya, mradi hujafunga. Baba yako alinifundisha wiki ya kwanza: usifunge kabla hujaangalia. Mzee Masanja akauliza mbona nimebadilika, nikasema hamna kitu, ni joto. Halafu nikawahudumia watu siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa, naandika na kuhifadhi, naandika na kuhifadhi, kwa kuogopa kwamba nikimwambia mtu itakuwa kweli.

Baada ya wiki mzee akapita tena, nikamwambia nimepoteza kitu humu ndani ya mashine. Akaniangalia. "Ng'ombe akipotea, mwanangu, unafuata kwato siku ile ile. Ukilala, wengine wanakanyaga juu." Nilikuja kuelewa baadaye, fundi wa kompyuta aliponiambia kwamba siku ile ile labda angeokoa kitu, lakini sasa barua zangu za wiki nzima zimeandikwa juu yake.

Na Kipaimara kikafika. Wewe tangu mdogo ulijua kuna barua, mimi mwenyewe ndiye niliyekuambia. Ulikuwa unahesabu. Ukiniuliza, "Mama, ni ndefu?" nasema ni ndefu. Nikashindwa kukuambia haipo. Nikakaa kwenye kiti hiki nikaiandika mimi.

Barua uliyonayo, Skola, ile uliyoifanyia laminesheni hapa dukani ukaning'ang'aniza nisikate kingo, ile iliyoko kwenye mfuko wa mbele wa begi, niliichapa mimi.

Pumua kidogo, halafu uendelee kusoma.

Mengi yaliyomo ni yake. Nilikuwa nimesoma miaka minane, nusu naijua kwa moyo. Ile ya siku uliyozaliwa maji yamejaa na kivuko hakivuki, akakaa ng'ambo ya pili anapunga shati, hiyo ni yake, neno kwa neno. Ya kwamba anaona wivu kwa watakaokuona ukicheza ngoma ukiwa mkubwa, ni yake. Ya mpunga, kwamba usimwamini mtu anayesifia mvua kabla hajavuna, ni yake, ingawa mpangilio huenda nimeuvuruga. Lakini karibu na mwisho paliandikwa maneno ambayo niliyachukia tangu siku niliyosoma nimesimama nyuma yake. Nikafika hapo, nikayaruka. Mahali pake nikaweka maneno matano: Usimwache mama yako peke yake.

Hayo ni yangu. Baba yako hakuyasema.

Siku ya sherehe ulisimama na gauni jeupe ukasoma mbele ya watu. Ulipofika hapo Bibi yako akaniinamia akauliza taratibu, "Deo alisema hivyo?" Mimi nikageukia sufuria nikakoroga wali ambao haukorogwi. Hajaniuliza tena mpaka leo, lakini kila tukionana naliona swali limekaa.

Halafu mwaka juzi chuo cha Mbeya kikakuita mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa ukumbini, ukaja na barua yako ya laminesheni, ukaweka kidole kwenye mstari ule. "Mama, siendi. Baba alishasema." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, sawa mwanangu, Mungu atafungua njia nyingine. Na nilifurahi. Nakuambia kama ilivyo: nilifurahi, nilichinja jogoo, wiki nzima naimba jikoni, na wewe unapita kimya na ndoo zako. Kufuta ilikuwa ajali. Kule kuimba hakukuwa ajali, na ndiko kunakoniamsha usingizini.

Na mwaka jana ulinikalisha hapa ukanionyesha, kwa majivuno yako yale, kwamba Mweusi anaweza kuwekewa mpangilio akakumbuka hata baada ya kufungwa, kesho ukifungua bado u inarudisha ya jana. Ukaniandikia mistari miwili, ukasema, "Ona Mama, sasa hutapoteza kitu." Nikatoka nikaenda nyuma ya duka. Uliponifuata nikakudanganya ni moshi wa pumba za mpunga kule mashineni. Nililia kwa sababu ilikuwa mistari miwili tu.

Nilidhani ningekufa nayo. Lakini mwaka huu wamekuita tena, ukakubali, na Jumapili, ukikunja nguo, ulisema bila hata kuniangalia, "Najiona kama navunja neno la Baba." Nikaona siwezi kukuacha upande treni na mzigo ambao nimekubebesha mimi. Ningeweza kuichomeka karatasi hii ndani ya begi uisome ukiwa umeshavuka Mlimba. Ujanja nimeshaufanya wa kutosha. Utaikuta mezani kwako jioni hii ukirudi kutoka kwaya, na mimi nitakuwa uani. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikiwepo.

Nimeprinti nakala tatu, usicheke. Moja yako, moja nitampa Bibi yako, anastahili jibu lake, na moja kwenye kopo la vyeti. Na ile ya laminesheni sikuambii uitupe. Ni ya baba yako kwa sehemu kubwa, na sehemu iliyobaki ni ya mama yako akiwa na hofu. Uamuzi ni wako.

Huku nako usidhani nitakuwa sawa. Nimeanza kukukumbuka na bado hujaondoka. Meza yako ile ya pili hapa dukani nimeitazama leo mchana kutwa. Unavyoipiga ile batani ndefu ya nafasi kwa gumba, pa, pa, pa, nimeilalamikia miaka, na leo nilitamani uje uipige nisikie. Kesho jioni nitapika ugali wa watu wawili kwa mazoea, najua. Nitapiga simu kukuuliza faili la fulani liko wapi na nitakuwa nalijua. Kuna ile amri ya kuweka alama, unabonyeza m na herufi yoyote kabla hujaenda mbali kwenye maandishi, halafu popote ulipo, vibonyezo viwili vinakurudisha mahali pale pale. Wewe hupendi kuitumia, unasema una kumbukumbu. Itumie, mwanangu. Hata mwenye kumbukumbu anachoka.

Sasa nikupe kilicho chako. Kwenye barua ya kweli, pale nilipoweka maneno yangu matano, baba yako, aliyezaliwa Mlimba kando ya reli na kunifahamu kuliko ninavyojifahamu, aliandika hivi. Haya sikuyavuruga hata nukta, kwa sababu niliyachukia sana na yakakaa:

"Ukifika umri wa kwenda, nenda. Mama yako atalia. Mwache alie, wewe panda treni."

Nimeangalia kabla ya kufunga. Kesho stesheni utaniona, na usiponiangalia nitaelewa. Nitalia, Skola, maana yeye alishasema nitalia. Wewe panda.

Mama yako,
Blandina